Kutafuta na Kuagiza Mbegu za Mimea Inayokula Wadudu Kutoka Nje: Mwongozo Kamili

Mbegu zimefika, zimepandwa, wiki sita zimepita, na kilichoota ni nyasi. Au hakijaota kitu. Au kifurushi chenyewe hakijafika, kimekwama forodha na mwenye mali ameandikiwa barua aeleze kwa nini hakina cheti. Maswali ninayoletewa kuhusu mimea hii karibu yote yanaangukia humo, na anayeuliza hutaka nimwambie udongo wake una kasoro gani. Mara nyingi udongo hauna kasoro. Kazi iliharibika siku ya kuagiza.

Ndiyo maana nafasi kubwa hapa nimeipa mambo yanayotangulia kupanda: aina gani, kwa muuzaji gani, kwa karatasi zipi. Upandaji nao upo, lakini ukifika hapo ukiwa na mbegu halali na hai mkononi, kilichobaki si kigumu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoa hela

Upande wa karatasi:

- Jina la kisayansi la kila aina unayoitaka, limeandikwa bila kukosea herufi.
- Kibali cha kuingiza mimea kutoka mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yako, kama sheria inakitaka.
- Ahadi ya maandishi ya muuzaji kwamba atakutafutia cheti cha afya ya mimea kutoka serikali ya nchi yake.
- Kwa aina chache, kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Nitazitaja.

Upande wa kupanda:

- Pitimosi (mabaki ya kuvumwani yaliyooza nusu, hutumika badala ya udongo) isiyotiwa mbolea. Soma maandishi ya mfuko mpaka mwisho. Nyingi huwa zimeongezewa mbolea au chokaa, na vyote viwili huua mimea hii.
- Perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkeno), au mchanga wa silika uliooshwa vizuri. Mchanga wa pwani una chumvi, usiutumie.
- Maji ya mvua, au maji yaliyokenekwa. Ukinunua yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, hakikisha ni maji matupu na si asidi.
- Kipimo cha TDS, kile kidude cha kupima chumvi zilizoyeyuka kwenye maji.
- Vyungu vidogo vya plastiki vyenye matundu chini, sinia, na mifuko ya plastiki inayopitisha mwanga. Vyungu vya udongo wa kuchoma huachia chumvi, viweke kando.
- Lenzi ya kukuza mara 10, karatasi nyeupe, rula na penseli.

Kuhusu kokopiti: inaweza kushika nafasi ya pitimosi, ila makumbi ya nazi huja na chumvi nyingi. Iloweke, mwaga maji, rudia, hadi maji yanayotoka yapime chini ya 50 ppm (sehemu 50 za chumvi kwa milioni) kwenye kipimo cha TDS. Kama huna subira hiyo, nunua pitimosi.

## Hatua ya 1: Chagua aina inayolingana na hali ya hewa yako

Wengi huanza na *Dionaea muscipula*, mmea wenye taya zinazojifunga nzi akigusa vinyweleo vya ndani, kwa kuwa ndio wanaouona kwenye video. Asili yake ni sehemu ndogo ya pwani ya Carolina Kaskazini na Carolina Kusini, Marekani, na huko majira ya baridi ni baridi kweli. Unahitaji mapumziko ya miezi 3 hadi 4 kwenye nyuzi chini ya 10 za Selisiasi. Ukiunyima, unadhoofika mwaka hadi mwaka mpaka unakufa. Tena kutoka mbegu hadi mmea mzima ni miaka 3 hadi 5.

*Sarracenia*, ile yenye mirija mirefu inayosimama wima kutoka ardhini, nayo inataka baridi, na safari yake ni ndefu zaidi.

Kwa anayeishi mahali pa joto mwaka mzima na hana nafasi ya kuuhifadhi mmea kwenye friji kila mwaka, maoni yangu ni mafupi: hizo mbili ziache kwanza, hata kama ndizo zilizokuvutia.

Anza na *Drosera capensis*. Asili yake ni Rasi ya Afrika Kusini. Majani yake marefu yamejaa vinyweleo vyekundu, kila kimoja kimebeba tone la gundi. Haulali msimu wa baridi, unajichavusha wenyewe, mbegu zake huota bila matayarisho, na unasamehe makosa mengi. *Drosera spatulata* iko karibu naye kwa wepesi. Penye joto kali, *Drosera burmannii* hufanya vizuri. Ni mmea wa msimu mmoja, lakini unaacha mbegu nyingi kabla ya kufa.

*Nepenthes*, yenye mitungi inayoning'inia kwenye ncha za majani, inawafaa watu wa joto, lakini si kwa mbegu na si kwa mara ya kwanza. Mbegu zake hupoteza uhai ndani ya wiki au miezi michache tangu zivunwe, na muda wa posta peke yake unaweza kuzimaliza. Vilevile kuna *Nepenthes* za nyanda za chini na za milimani. *Nepenthes rajah* wa Mlima Kinabalu, Borneo, anataka usiku wa baridi kila siku. Ukimpanda kwenye chumba chenye joto saa 24, hatafika mbali.

*Drosera* zenye viazi za Australia Magharibi, *Byblis gigantea* inayosubiri moshi wa moto wa nyika ndipo iote, na *Drosophyllum* ambayo ganda la mbegu yake hukwaruzwa kwanza, zote ni za baadaye.

Ukimaliza hatua hii uwe na aina moja au mbili tu kwenye karatasi. Mwenye orodha ya kumi bado hajachagua.

## Hatua ya 2: Soma sheria kabla ya kutafuta muuzaji

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuna sheria za afya ya mimea, ambazo kazi yake ni kuzuia wadudu na magonjwa yasivuke mpaka. Na kuna CITES, mkataba uliosainiwa mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kuruhusiwa na upande mmoja hakukupi ruhusa ya upande wa pili.

### CITES

Habari njema kwanza. *Drosera* na *Pinguicula* (kundi jingine la mimea inayokula wadudu) hazimo kwenye orodha za CITES. *Dionaea*, *Sarracenia* na *Nepenthes* zimo kwenye Kiambatisho cha II, lakini kwa maelezo yanayoziondoa mbegu. Maana yake, mmea mzima wa *Dionaea* ukivuka mpaka unahitaji karatasi za CITES. Mbegu zake hazihitaji.

Sasa zile chache. *Nepenthes rajah*, *Nepenthes khasiana*, *Sarracenia oreophila*, na aina-ndogo mbili za *Sarracenia rubra* (*alabamensis* na *jonesii*) ziko Kiambatisho cha I, orodha iliyo kali zaidi, na huko mbegu nazo zinabanwa. Muuzaji anayekuambia "mbegu zote hazina shida ya CITES" huku akikuuzia *rajah*, ama hajui kazi yake ama anakuuzia kesi.

Tumia hifadhidata ya Species+ kuangalia jina la aina yako. Ni bure, na inaonyesha kiambatisho pamoja na maelezo yake. Kisha angalia sheria ya nchi yako, kwa sababu nchi ina haki ya kuwa kali kuliko mkataba.

### Afya ya mimea

Hapa kila nchi ina lake, na tofauti ni kubwa. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 14 Desemba 2019, unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu mimea yote hai inayoingia kutoka nje, mbegu za kupanda zikiwemo. Marekani ina kibali maalumu cha mbegu kidogo kinachomruhusu mtu kuingiza bila cheti, mradi kila pakiti isizidi mbegu 50 au gramu 10, na mzigo mmoja usizidi pakiti 50. Kibali hicho huombwa kabla, kifurushi kikiwa bado hakijatumwa.

Kwa nchi yako, andikia au pigia mamlaka ya afya ya mimea na uulize haya:

1. Je, mbegu za jenasi hii zinaruhusiwa kuingia?
2. Nahitaji kibali cha kuingiza, na kinachukua muda gani kutoka?
3. Cheti cha nchi inayotuma kitamke nini hasa?
4. Mzigo uingilie bandari, uwanja wa ndege au ofisi gani ya posta?

Swali la 3 ndilo watu wasilouliza, na ndilo linalorudisha mizigo. Baadhi ya nchi hutaka cheti kiwe na sentensi maalumu, kwa mfano kwamba mbegu zimekaguliwa na hazina mdudu fulani. Sentensi isipokuwepo, cheti chako kizuri chenye muhuri ni karatasi tu.

Angalia pia orodha ya mimea vamizi iliyopigwa marufuku. *Sarracenia purpurea* ya Amerika Kaskazini ilipandwa kwenye vinamasi vya Ireland na sasa inaishi huko yenyewe. Maofisa wanaolijua hilo hawataona uagizaji wako kuwa mchezo.

Onyo. Utashauriwa na watu: "Mwambie aweke kwenye bahasha ya kawaida, aandike kadi ya salamu." Usifanye hivyo. Mwaka 2020 watu wa nchi nyingi walipokea pakiti za mbegu wasizoagiza, nyingine zikiwa zimeandikwa kuwa ni vito, na tangu hapo macho yako kwenye bahasha ndogo. Mbegu zikikamatwa huteketezwa, na tamko la uongo ni kosa juu ya kosa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na majibu ya maandishi. Baruapepe ya ofisa inatosha. Neno la mtu kwenye kundi la wapenzi wa mimea halitoshi.

## Hatua ya 3: Tafuta chanzo, kisha kipime

### Wapi pa kuanzia

Vyama vya wakuzaji ndivyo ninavyovipendekeza kwanza. International Carnivorous Plant Society ina benki ya mbegu inayotegemea michango ya wanachama wenyewe. Hali kadhalika The Carnivorous Plant Society ya Uingereza. Mbegu huko hutoka kwenye mimea inayokuzwa, na majina huandikwa na watu wanaojali majina. Soma masharti yao ya kutuma nje kabla ya kulipa ada ya uanachama, hasa kuhusu cheti.

Wa pili ni vitalu vinavyouza mimea hii peke yake. Kitalu kinachouza *Drosera* arobaini na hakiuzi kingine kina sifa ya kulinda.

Masoko makubwa ya mtandaoni yawe ya mwisho. Wauzaji waaminifu wapo humo, lakini kumpata kati ya matapeli ni kazi, na huwezi kuifanya kama hujui mbegu zinafananaje.

### Dalili za utapeli

Picha ya *Dionaea* ya buluu, ya zambarau iliyokoza, au ya rangi za upinde wa mvua: hiyo imepakwa rangi kwenye kompyuta. *Dionaea* huanzia kijani na kuishia wekundu uliokoza, basi.

"Mchanganyiko wa mbegu 500 za mimea inayokula wadudu": *Drosera* na *Nepenthes* hazihitaji matunzo yaleyale, na hakuna mkuzaji makini anayezichanganya.

Muuzaji asiyetaja jina la aina, ameandika tu "mmea unaokula nzi".

Mbegu za "Red Dragon" au "B52": haya ni majina ya mimea teule ya *Dionaea*, ambayo huzalishwa kwa vipande vya mmea au kwa kukuza tishu zake maabara ili ifanane na mama. Mbegu zake zinaweza kutoa mmea mzuri, lakini mtoto hastahili jina hilo. Kinyume chake ni *Drosera capensis* 'Albino', ambayo sifa yake hupita kwenye mbegu.

### Mbegu halisi zinafananaje

Mwombe muuzaji picha ya mbegu zenyewe, zimelala juu ya karatasi nyeupe kando ya rula. Kisha linganisha.

*Dionaea*: nyeusi, inang'aa, nene upande mmoja na yenye ncha upande wa pili, haifiki milimita 2. Ukioneshwa mbegu bapa ya kahawia, au mbegu ndefu yenye mistari, umeoneshwa kitu kingine.

*Sarracenia*: milimita 2 hivi, rangi ya kahawia hafifu au yenye wekundu kwa mbali, na ubavuni ina ukingo mwembamba uliojikunja. Ikidondoshwa majini huelea, maana ganda lake lina nta.

*Drosera capensis*: nyeusi, nyembamba, kama nusu milimita. Kwa macho matupu utadhani ni unga wa pilipili manga. Kwa lenzi utaona kila chembe imechongoka ncha zote mbili. Ukipewa "mbegu za Drosera" unazoweza kuzishika moja moja kwa vidole, zirudishe.

*Nepenthes*: uzi mwembamba wa kahawia wenye urefu wa sentimita moja au zaidi, na katikati pana kinundu kidogo ambacho ndicho kiini. Uzi usio na kinundu ni mtupu, hautaota hata ungeufanyia nini. *Nepenthes* ana mimea dume na mimea jike, kwa hiyo mwenye mbegu lazima awe na yote miwili ikiwa imechanua pamoja. Muulize baba ni yupi.

### Maswali ya kumuuliza muuzaji

Zilivunwa mwezi gani, na tangu hapo zimekaa wapi? Mmea mama unakuzwa, au mbegu zimechumwa porini? Unaweza kupata cheti cha afya ya mimea, na ofisa huja lini kukukagua?

La porini halina mjadala kwangu. Kung'oa *Dionaea* porini Carolina Kaskazini ni kosa kubwa la jinai tangu mwishoni mwa mwaka 2014, na wizi haujaisha. Asiyeweza kusema mbegu zake zimetoka wapi, mwache na mbegu zake.

Umepata muuzaji sahihi pale anapojibu kwa tarehe na majina, na ikiwezekana kukuuliza yeye sheria za nchi yako kabla hujamwambia.

## Hatua ya 4: Fuata mpangilio wa karatasi

Mpangilio ni huu, na haugeuzwi:

1. Unakubaliana na muuzaji orodha na idadi, bila kulipa mzigo.
2. Unaomba kibali cha kuingiza nchini kwako kwa orodha hiyohiyo.
3. Unamtumia muuzaji nakala ya kibali.
4. Muuzaji anaipeleka kwa mamlaka ya nchi yake, mbegu zinakaguliwa, cheti kinatolewa.
5. Anakutumia picha ya cheti. Unaisoma.
6. Mzigo unaondoka.

Sababu ya kibali kutangulia ni kwamba ofisa wa huko huandika cheti kwa kufuata masharti yaliyo kwenye kibali chako. Cheti kikitoka kwanza, kimeandikwa kwa kubahatisha.

Kwenye namba 5 usione aibu kusumbua. Jina la kisayansi liwe lilelile la kibali. Jina lako na anwani vifanane herufi kwa herufi. Nchi ya asili iwe ile mbegu zilikokuzwa, ambayo huenda si nchi ya muuzaji. Idadi ya pakiti, tamko la nyongeza lililotakiwa, sahihi, muhuri, tarehe. Kosa likionekana kabla ya kutuma, hurekebishwa kwa simu moja. Likionekana forodha, hakuna atakayelirekebisha.

Nchi kadhaa sasa hubadilishana vyeti kwa mfumo wa kielektroniki uitwao ePhyto. Kama yako haimo, karatasi halisi ndiyo inayotakiwa, na nakala haipokelewi.

Jambo moja la kukubali mapema: gharama ya cheti hulipwa kwa mzigo, na mara nyingi huzidi bei ya mbegu. Njia ya kupunguza maumivu ni kuagiza aina kadhaa kwa cheti kimoja, au kuungana na wakuzaji wenzako, mzigo ukaja kwa jina la mmoja aliye na kibali. Ndani ya nchi mtagawana.

## Hatua ya 5: Mweleze muuzaji namna ya kufunga

Mbegu ziingie kwenye karatasi laini isiyo na nyuzi, ikunjwe vizuri pembeni. Mbegu za *Drosera* hutoka kwenye tundu usiloliona. Kila pakiti iandikwe jina la kisayansi na idadi. Pakiti zilale kati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu, kwa sababu mashine za posta hupitisha bahasha kati ya magurudumu na huzisaga mbegu.

Mbegu ziwe kavu na safi, bila chembe ya udongo wala vipande vya majani. Udongo ndicho kitu cha kwanza ofisa anachokitafuta. Cheti na nakala ya kibali vikae kwenye mfuko wa nje, vionekane bila kufungua mzigo. Tamko la forodha liandike ukweli: mbegu za kupanda, jina, idadi.

Mzigo ukizuiliwa, jibu barua siku hiyohiyo ukiambatisha kila karatasi. Wakitaka kufukiza dawa, uliza ni dawa gani, maana nyingine huua kiini cha mbegu pamoja na mdudu.

## Hatua ya 6: Zikague zikifika

Funga dirisha, zima feni. Fungua pakiti juu ya karatasi nyeupe na uziangalie kwa lenzi ukilinganisha na maelezo ya Hatua ya 3. Piga picha kando ya rula kabla ya kupanda hata moja. Ukija kudai hela yako, picha ya nyasi zilizoota haitakusaidia kama ile ya mbegu zenyewe.

Usipande zote. Gawa nusu, uirudishe kwenye karatasi, uiweke ndani ya chupa inayoziba vizuri, kisha kwenye friji kwenye nyuzi 4 hivi. *Nepenthes* ndiyo isiyongoja: hiyo panda yote siku iliyofika.

## Hatua ya 7: Wakati wa baridi, kwa zinazohitaji tu

Mbegu za *Drosera capensis*, *spatulata* na *burmannii* hazihitaji kukaa kwenye baridi kabla ya kupandwa. *Dionaea* haihitaji ikiwa mbichi. *Nepenthes* haihitaji kabisa, na baridi itaiua.

*Sarracenia* inahitaji. Zioshe mbegu kwa maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo ili nta ilegee, suuza, kisha zichanganye na pitimosi yenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki. Weka kwenye friji wiki 4 hadi 6, sehemu ya chini, kamwe si kwenye kigandishi. Unyevu ni lazima: mbegu kavu ikikaa kwenye baridi inahifadhiwa tu, haiamshwi.

## Hatua ya 8: Panda

Changanya pitimosi na perlaiti au mchanga, nusu kwa nusu. Pitimosi kavu hukataa maji, kwa hiyo ikande kwa maji ya vuguvugu mpaka ukiikamua itoe matone machache. Jaza vyungu, lainisha juu.

Kunja karatasi nyeupe katikati, mimina mbegu kwenye mkunjo, uigongegonge kwa kidole ukiizungusha juu ya chungu. Usizifunike. Mbegu hizi zinahitaji mwanga ili ziote, na hili ndilo linalowaangusha waliozoea kupanda mboga.

Weka vyungu kwenye sinia yenye maji ya kina cha sentimita 1 hadi 2. Usimwagie kutoka juu; maji yatazisukuma zote kwenye kona moja. Maji yapime chini ya 50 ppm. Ya bomba mara nyingi huzidi hapo, na kuyachemsha hakusaidii, kwani mvuke huondoka na chumvi hubaki. Maji ya chupa ya kunywa nayo mengi yameongezewa madini.

Vifunike vyungu kwa mfuko unaopitisha mwanga, uweke chini ya taa ya LED kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, saa 14 hadi 16 kwa siku. Dirisha lenye mwanga mwingi linafaa, mradi jua lisipige mfuko moja kwa moja; joto la ndani hupanda ndani ya dakika chache na kupika kila kitu.

Kisha subiri. *Drosera capensis* huchukua wiki 2 hadi 4. *Dionaea* na *Sarracenia* wiki 2 hadi 5. *Nepenthes* mwezi hadi mitatu.

Wengi hutupa chungu kwa kudhani hakijaota, kumbe kimeota na hawakuangalia kwa lenzi. Mche wa *Drosera* ni mdogo kuliko kichwa cha pini. Kwanza huja majani mawili ya kijani yasiyo na sifa yoyote. Halafu, katikati yake, jani la tatu linachomoza likiwa na vinyweleo vitano au sita, kila kimoja na tone lake linalometa chini ya taa. Ukiona tone hilo, mbegu ilikuwa halali na maji yako ni safi. Ukiona jani refu, jembamba, linalokua sentimita moja kwa siku mbili, hizo ni nyasi.

## Hatua ya 9: Miezi ya kwanza

Ukungu mweupe ukitokea, fungua mfuko saa chache kila siku na utoe mbegu zilizooza kwa kibanio. Ukoga wa kijani juu ya udongo ni dalili ya maji yaliyosimama sana. Acha sinia ikauke karibu yote kabla ya kuongeza, lakini udongo usikauke.

Mfuko uondoe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ukiuvua ghafla, matone yote hukauka na miche hulala.

Mbolea kwenye udongo, kamwe. Ukitaka *Drosera* ikue haraka, saga chakula cha samaki kiwe vumbi, chovya ncha ya kijiti chenye unyevu, gusisha kwenye matone ya jani moja au mawili. Kikizidi kitaota ukungu. Usihamishe miche kabla haijafikia upana wa sentimita 1.

*Drosera capensis* iliyotunzwa vizuri inaweza kuchanua kabla ya miaka miwili kuisha. Maua hufunguka moja moja, hujichavusha na kufunga. Bua likikauka na kuwa la kahawia, likate, ligeuze kichwa chini ndani ya bahasha ya karatasi, uligonge. Bua moja hutoa mbegu nyingi kuliko ulizoagiza. Andika jina na tarehe ya kuvuna, kisha bahasha iingie kwenye chupa na chupa kwenye friji. Zikikaa kavu, mbegu za aina hii hubaki hai kwa miaka kadhaa.